Bukavu, Goma ao Lubumbashi: wapi feza inabakia kama unahama na batoto?

mama_wa_wane (Bukavu)
Jambo ndugu zangu wote. Niko Bukavu, Ibanda, na bwana yangu na batoto bane, mukubwa anaingia sekondari, mudogo eko na miaka mbili. Bwana anafanya kazi hapa kwa 450$. Sasa amepata nafasi mbili zingine: Goma wanamupatia 600$, na Lubumbashi 900$ mu kampuni moja inayofanyia kazi bale ba mine. Kila mutu ananiambia enda Lubumbashi, 900 ni mara mbili ya 450, unafikiria nini tena. Lakini mimi njo nabeba kitunga kwenda soko, mimi njo najua feza inaishaka namna gani tarehe 15, njo maana nataka kusikia bale banaishi kule.

Hapa tunalipa nyumba 120$, vyumba bitatu na salo. Mayi ya bomba inakuya usiku siku zingine, kuran (umeme) inakuya inaenda. Bunga ya muhogo, maharagi, sambaza, lengalenga, hiyo yote naipata karibu, na mama mukwe anatumaka vyakula toka Kabare. Naomba muniambie nyumba, mayi, kuran, makala (mkaa), chakula, masomo, transport. Na kama kuna kitu sijauliza, muniambie pia, tafadhali, maana hatuna feza ya kujaribu halafu turudi.

Mwana_Ndosho (Goma)
Dada, karibu. Nitasemea Goma juu njo kwetu.

Usianze na nyumba, anza na mayi. Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya volkano, huwezi chimba kisima mu parseli yako kama watu wa fasi zingine, hata choo kuchimba ni kazi ya siku nyingi. Kwa hiyo mayi inatoka ku ziwa, inapandishwa na pompe, na pompe inataka kuran. Siku iko, unajaza bidoni zako ku robine ya quartier kwa franga kidogo. Siku haiko, inakuya na chukudu (kinga ya mbao ya kubebea mizigo) ao na pikipiki na bei inapanda saa ile ile. Familia yenu ya watu sita, ukipika, ukifua, ukioga, weka bidoni nane za litre 20 kwa siku. Kwa mwezi ni 240. Bidoni ikiwa 200 FC ni 48 000 FC, ikifika 500 FC ni 120 000 FC, na hiyo ni mayi tu, haujanunua hata chumvi. Mu mwezi wa kwanza 2025 wakati wa vita, layini zilikatika na mji mzima tulirudi kuteka ku ziwa. Kwa hiyo unapotafuta nyumba, tafuta yenye iko na tangi, hata kama ni 20$ zaidi. Utazirudisha.

Nyumba yenyewe: mimi nalipa 50$ Ndosho, nyumba ya mbao, vyumba viwili. Himbi ao Katindo, nyumba ya kudumu ya familia, zamani wakati ma ONG yalikuwa mengi haukuweza hata kuuliza. Sasa wengi wameenda, naona nyumba zimebaki wazi na wenye nyumba wanakubali kusemezana. Kwa 150$ unaweza pata kitu kizuri, lakini semezana na uvumilivu, usionyeshe haraka.

Kuran ya kampuni Virunga njo kitu ingenifanya nibaki Goma. Inatoka ku barrage ya Matebe kule Rutshuru, unanunua ku kashpawa (mita ya kulipa mbele) kadiri ya feza yako. Mama mwenye anapika maharagi na kuran anapunguza makala sana, na makala hapa inauma.

Sasa kitu haukuuliza: 600$ italipwa wapi? Banki hapa zilifungwa tangu mwezi wa kwanza 2025. Watu wanapokelea ku M-Pesa ama Airtel Money, na kila ukitoa, ajenti anakata asilimia yake, na anaweza kukupa noti yenye imechanika kidogo ku kona, ukifika soko wanakukatalia. Bwana auliza hiyo mbele ya kusaini.

mama_sambaza (Bukavu)
Mama wa wane, mimi nauzisha Kadutu, nanunua bintu toka Idjwi, Minova, na ngambo ya Ruzizi. Nitakuambia ya chakula tu.

Goma iko na viazi, maharagi, kabichi, fromage ya Masisi, bile binashuka toka milima ya karibu. Sisi tuko na muhogo, ndizi, sambaza. Kwa siku za kawaida tofauti ya soko hizi mbili si kubwa ya kukuhamisha. Kubwa ni barabara na mashua. Barabara ikikatika, bei ya maharagi inabadilika asubuhi na jioni siku moja, Bukavu na Goma wote.

Lakini wewe umesema kitu halafu ukapita haraka: mama mukwe wa Kabare. Mama, hiyo ni mushahara! Andika mu kayee kila kitu anakutumia kwa mwezi, muhogo, maharagi, ndizi, kuku ya siku kuu, halafu uliza bei ya kila kitu hapa Kadutu. Halafu ongeza ule mutoto wa miaka mbili: nani anabaki naye ukienda soko? Kama ni mama mukwe ama dada zako, fahamu Lubumbashi utalipa mutu. Mimi naona watu wanahesabu mushahara wa bwana, mikono ya famille hawaihesabu.

Papa Kamalondo (Lubumbashi)
Mama, jambo sana, na bale bote. Mimi ni muzaliwa wa hapa Lubumbashi, niko muzee sasa, nitakuambia bile najua.

Nyumba. Batakuomba garanti. Sheria ya 2015 ya kupangisha nyumba inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite myezi tatu. Mwenye nyumba wengi hapa banaomba sita, na bengine zaidi. Halafu komisioneri (dalali wa nyumba) anakula mwezi moja, na anakulipisha hata kukutembeza. Tuseme nyumba ya 200$: garanti ya sita ni 1 200$, komisioneri 200$, hiyo ni 1 400$ mbele ya kulipa hata mwezi wa kwanza, mbele ya kitanda na masufuria. Kampuni inasaidia kwa hiyo? Bwana auliza. Kama haisaidii, aombe avansi, na iandikwe mu kontra.

Quartier: Golf iache, ni ya bakubwa ba mine. Bel-Air iko katikati, 150 mpaka 250 unapata kitu. Katuba, Kenya, Ruashi ni chini, na batu ni bazuri, jirani anakujua. Mu Annexe unapata parseli kubwa kwa feza kidogo lakini transport itakula ile ulibakisha. Mji wetu ni tambarare na umetawanyika, si kama Bukavu mwenye unashuka mulima na miguu unafika. Huku mutu anapanda taxi mbili kwenda, mbili kurudi, kila siku.

Chakula. Huku bukari (ugali) ni ya mahindi, na bunga kubwa inatoka Zambia, inapita Kasumbalesa. Zambia ikivuna vizuri, meka (kopo ya kupimia) ya bunga iko ya kununulika. Zambia ikikosa mvua ama ikifunga kutoa mahindi, sisi njo tunalia kwanza. Mu 2023 tuliona bamama banapanga layini kungojea kamyo ya bunga. Mwenye akili ananunua mifuko ya 25 kg wakati wa mavuno na anaiweka. Samaki ni tomson ya frigo toka Namibia. Sambaza yako, mama, utaisahau.

Fundi_kuran (Lubumbashi, Kampemba)
Naongeza ku ya Papa, na naomba uisome vizuri juu watu wanakuyaka huku na kuona taa zinawaka mu mji wanafikiri kuran iko.

Mine zinakula kuran nyingi sana, quartier zinabaki na ile inabakia. Kuna avenue zinapata usiku tu saa watu wamelala, kuna zingine zinapata kila siku, na ziko karibu karibu, tofauti ni kabine gani ya kuran inawalisha. Transfo ikiungua, wenyeji banachanga wenyewe kununua ingine, na kama umeingia wiki iliyopita utachanga pia. Sasa huku nyumba nyingi mayi ni ya forage (kisima kirefu cha pompe) mu parseli, unafurahi unasema mayi ni ya bure, lakini pompe ya forage inakula kuran. Kuran ikienda siku tatu, mayi pia imeenda siku tatu. Kwa hiyo ukitembelea nyumba usiende saa sita mchana na komisioneri. Enda saa moja ya jioni, peke yako, gonga kwa jirani, musalimie kwa heshima, muulize kuran inakuyaka saa ngapi na tangi inabeba siku ngapi. Jirani hana commission ya kukuficha.

Na weka feza ya pano moja ndogo ya jua na batri. Si anasa. Batoto watasoma jioni, telefone zitachaji, hautanunua bujie (mishumaa) kila siku.

Mushi_wa_Lushi (Lubumbashi)
Dada yangu wa Bukavu, mimi nilitoka Bagira na bibi na batoto, sasa tunaishi Lubumbashi, kwa hiyo njia yako naijua. Nakuuliza maswali, mujibu kwa nyumba:

Hiyo kazi ni Lubumbashi kweli, ama ofisi iko Lubumbashi na kazi iko Fungurume ama Kolwezi? Kolwezi ni kama kilometa 300. Kama analala kule na nyinyi mnabaki Lubumbashi, basi muko na manyumba mbili, vyungu mbili. Kama kampuni inalaza na kulisha, sawa, na hapo 900 inakuwa nzuri sana. 900 ni kabla ya kukatwa ama ile inaingia mukononi? Kontra ni ya muda gani? Huku kazi za kampuni ndogo zinafuata soko ya cobalt na ya mine kubwa, mine ikisimamisha kontra na kampuni yenu, watu wanarudi nyumbani juma hiyo hiyo.

Masomo: primaire ya serikali ni bure tangu 2019 lakini utakuta darasa imejaa. Wengi tunapeleka privée na minervali (feza ya masomo) inalipwa na dola. Mukubwa wako wa sekondari, hesabu yeye kwanza. Na mwezi wa sita na wa saba huku ni baridi ya kweli asubuhi, mtanunua mablanketi na majaketi.

Shauri yangu: bwana atangulie peke yake. Alale kwa ndugu wa Bukavu, huku tuko na mutualité ya watu ba kwetu, atapokelewa. Afanye myezi ya kujaribiwa, aone feza inaingia kweli. Wewe ubakie na batoto mpaka masomo yaishe.

Tembo_wa_Likasi
Yaya Mushi, hapo sikubaliani nawe. Kutenganisha bwana na bibi kwa kusema mtajaribu, naona familia nyingi zimepotelea hapo. Na feza pia: bwana anakula mu restaurant, anatuma feza Bukavu, ajenti anakata, anasafiri kuona batoto, ule mushahara unaisha bila kujenga kitu. Kama ni kwenda waende bote, ama wabaki bote.

Mushi_wa_Lushi (Lubumbashi)
Nakuelewa ndugu yangu, na sisemi wakae mbali mwaka. Nasema myezi tatu. Mama wa batoto bane kufika na mizigo halafu kontra inavunjika mu wiki ya sita, hapo hakuna tikiti ya kurudi. Kati ya hizo mbili, mimi nachagua myezi tatu ya kukosana.

mama_wa_wane (Bukavu)
Asanteni sana, nyote, Mungu abariki. Tulikaa na bwana jana na kayee tukafanya hesabu na namba zenu na zetu.

Bukavu: 450, toa nyumba 120, masomo 60, transport 30, mayi kuran makala 50, chakula 150 (mama sambaza ulikuwa na haki, bila Kabare ingekuwa zaidi ya 250). Inabakia 40.

Goma: 600, nyumba 150, masomo 60, transport 30, mayi kuran makala 70, chakula 200, na ya ajenti 18. Inabakia 72.

Lubumbashi: 900, nyumba 200, masomo 100, transport 80, mayi kuran makala 90, chakula 300. Inabakia 130.

Kwa hiyo ile mara mbili ya mushahara, kwetu ni 90$ zaidi kwa mwezi. Na kuingia ni 1 400$. 1 400 kugawanya na 90, ni zaidi ya myezi 15 mbele tuanze kuona faida, na sijaweka safari wala mutu wa kubaki na mutoto. Tukipata mwenye nyumba mwenye anakubali garanti ya myezi tatu kama sheria inasema, kuingia kunashuka mpaka 800$, inakuwa myezi tisa. Bwana alinyamaza alipoona hiyo. Kesho anaita kampuni kuuliza: kazi iko wapi, ni kiasi gani mukononi, na kama wanasaidia garanti. Wakikubali garanti, tutaenda, yeye kwanza. Wakikataa, tutaangalia Goma.

Swali ya mwisho: kama anaenda, na aeroport ya Goma na ya Kavumu zimefungwa, anapita wapi? Na lese-pase ya CEPGL (karatasi ya kuvuka mipaka ya Congo, Rwanda na Burundi) inatosha?

Mushi_wa_Lushi (Lubumbashi)
Haitoshi dada. Ile ni ya Rwanda na Burundi tu. Atahitaji pasiporo na karte ya manjano ya chanjo. Avuke Ruzizi mpaka Kamembe, apande basi ya Kigali, halafu kama feza ya ndege haiko, bus zinapita Rusumo kuingia Tanzania, mpaka Tunduma, Zambia, na Kasumbalesa. Ni siku kadhaa ndani ya bus, aangalie mambo ya viza ya kila nchi mbele ya kununua tikiti, na abebe dola mpya zisizo na mukunjo. Vitanda na mameza muuze huko, musisafirishe. Mablanketi alete.

Papa Kamalondo (Lubumbashi)
Na aniandikie akifika Kasumbalesa. Nyumba nitamutembeza mimi, jioni, bila komisioneri.