Sakafu ya nyumba ya zamani Tanga: seramiki, poseleni, terazo au marumaru ya jiwe?

Mwana wa Tanga (mleta mada)

Salamu kwenu wadau wa ujenzi. Ninakarabati nyumba ya wazazi wangu iliyopo Tanga mjini, ambayo marehemu baba aliijenga mwaka 1979 kwa matofali ya saruji, na sakafu yake ni ya saruji iliyopigwa niru nyekundu. Niru hiyo ilikuwa fahari ya nyumba. Tukiwa wadogo tuliisugua kwa nta kila Jumamosi mpaka mtu akajiona uso. Sasa imepasuka sebuleni na ukumbini, na kando ya ukuta wa nyuma kuna unga mweupe unaorudi kila unapofutwa. Anayeishi humo ni mama, mwenye umri wa miaka 74, pamoja na mjukuu mmoja.

Nimezunguka maduka ya Tanga na ya Kariakoo, nikabaki na aina nne: vigae vya seramiki, vigae vya poseleni, terazo, na marumaru halisi ya jiwe. Kila muuzaji anasifu alichonacho. Naomba ulinganisho kutoka kwa watu waliokwisha kuishi na sakafu hizi au kuzijenga, hasa kwa sebule ya mita 5 kwa 4, jiko, bafu analotumia mama, na baraza ya mbele inayopigwa na mvua. Bei nimekwisha kuziuliza. Nisichokijua ni ipi itakayodumu na ipi haitamwangusha mama.

Fundi wa Mwiko

Ndugu mleta mada, hongera kwa kumtengenezea mama makazi. Ninapanga vigae kwa mwaka wa 22 sasa, na nitaanza na hivyo viwili vya kwanza kwa sababu ndivyo vinavyochanganywa zaidi.

Seramiki na poseleni vyote ni udongo uliochomwa. Udongo wa poseleni ni laini zaidi, hugandamizwa kwa nguvu kubwa na kuchomwa katika joto la nyuzi 1,200 hivi, ndiyo maana hainywi maji. Kwa kipimo cha kimataifa, kigae huhesabiwa kuwa poseleni iwapo maji kinayofyonza hayazidi asilimia 0.5 ya uzito wake, ilhali vigae vingi vya ukutani hufyonza zaidi ya asilimia 10. Huhitaji maabara kuujua ukweli huo. Ukiwa dukani omba kipande, kigeuze mgongo, kidondoshee kijiko kimoja cha maji, usubiri dakika chache. Mgongo wa seramiki utayanywa maji na kuacha doa la giza. Juu ya poseleni yatabaki yamesimama kama umande juu ya jani la mgimbi.

Sifa hiyo hiyo ndiyo inayowaponza wengi. Wengi wetu tulifundishwa kuloweka vigae ndani ya ndoo, kisha kuvikalisha juu ya uji wa saruji. Kwa seramiki njia hiyo inakubalika, kwa kuwa mgongo wake una vinyweleo ambavyo saruji huingia na kushika. Poseleni haina vinyweleo vya kutosha. Hukaa vizuri mwaka mmoja au miwili, halafu siku moja ya joto unasikia mlio mkali na vigae viwili vinainuka vikiegemeana katikati ya sebule. Poseleni inataka gundi ya vigae, ile ya mfuko yenye polima, ipakwe kwa mwiko wa meno, na kwa kigae cha sentimita 60 kwa 60 ipakwe sakafuni na mgongoni pia. Fundi anayekupa bei ya kupanga poseleni bila kutaja gundi hajakupa bei kamili.

Mimi ningeweka seramiki kwenye kuta za jiko na bafu, mahali ambapo hakuna anayekanyaga, na poseleni sakafuni. Kwa vigae vyenye glezi, yaani tabaka linalong'aa kama kioo juu yake, angalia alama ya PEI, inayoanzia 0 hadi 5 na kuonyesha uvumilivu wa kukwaruzwa. Chumba cha kulala kinatosheka na 3, lakini sebule inayofunguka moja kwa moja nje ipe 4, kwa sababu mchanga chini ya kandambili hufanya kazi ya msasa.

Binti wa Mvita

Naomba tulitenge neno moja kwanza, kwa kuwa limewagharimu watu. Katika maduka mengi kigae chochote cha sakafu huitwa marumaru, hata kile ambacho michirizi ya marumaru imechapwa tu juu yake. Marumaru ya jiwe ni kitu kingine kabisa: ni ndugu wa mawe ya chokaa, na kila kitu kichachu huila.

Kwetu Mombasa tuliiweka jikoni, sakafuni na juu ya meza ya kupikia. Wiki ya kwanza dada yangu alikata ndimu akaiacha juu ya jiwe alipokwenda kufungua mlango. Aliporudi palikuwa na duara lililopoteza mng'ao, lenye ukubwa wa ndimu yenyewe, na tulisugua kwa sabuni bila mafanikio, kwa sababu halikuwa doa bali jiwe lililoliwa. Jiko la pwani bila ndimu, ukwaju na siki silijui. Baadaye mfanyakazi alimwaga bafuni ile dawa kali ya kusafishia choo, nako pakafa vilevile. Ukitaka jiwe kwa meza ya kupikia, chukua granaiti, ambayo huvumilia uchachu vizuri zaidi. Marumaru ningeiacha kabisa katika nyumba ya mama anayepika kila siku.

Mstaafu wa Terazo

Nimeisoma mada hii kwa makini kwa sababu nimesaga terazo tangu ujana wangu, na sipendi inavyosahaulika.

Terazo ni vipande vya marumaru vilivyochanganywa na saruji, nyeupe au ya rangi, vikamwagwa katika vyumba vilivyogawanywa kwa vipande vyembamba vya shaba, kioo au plastiki. Huachwa ikomae, kisha husagwa kwa mashine ya mawe huku maji yakimwagwa, tunaanza na jiwe la kukwaruza na kumalizia na laini. Katikati ya kazi tunajaza vitundu kwa uji wa saruji na kuiacha tena kabla ya kusaga mara ya mwisho. Haina mistari ya grauti (uji wa kujazia nafasi kati ya vigae) ya kukusanya uchafu, na ikichakaa baada ya miaka thelathini haing'olewi: inasagwa upya, mng'ao unarudi. Hakuna kigae cha seramiki wala cha poseleni kinachoweza kufanyiwa hivyo.

Hata hivyo nitakuwa mkweli kwako. Kazi hii hutoa tope jingi na huchukua wiki kadhaa, hivyo mama itabidi ahame. Ukimwaga pamoja na tabaka la chini, sakafu itapanda sentimita 4 au 5, kwa hiyo milango yote itakatwa na kizingiti cha bafu kitabadilika. Alichosema binti kuhusu uchachu kinaihusu terazo pia, kwa kuwa ndani yake mna marumaru ile ile. Tena zege la chini likipasuka, terazo hupasuka pamoja nalo, na kiraka chake huonekana daima. Kwa nyumba mpya ningekushawishi bila kusita. Kwa nyumba inayokaliwa na mama wa miaka 74, hapana.

Mwana wa Tanga

Ahsanteni sana, na mzee wa terazo shikamoo. Fundi, je, vigae vinaweza kupangwa juu ya niru iliyopo? Na ule unga mweupe una maana gani?

Fundi wa Mwiko

Unga huo ni chumvi. Unyevu wa ardhini hupanda kupitia zege, hukauka juu na kuiacha chumvi. Nyumba nyingi za umri huo hazikutandikwa nailoni chini ya jamvi, yaani zege la sakafu. Chukua kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike sakafuni kwa gundi ya utepe pande zote nne, ukiache usiku na mchana. Ukikuta matone chini yake, unyevu bado unapanda, na sehemu hiyo haifai kufunikwa na aina yoyote kati ya hizo nne mpaka ivunjwe, itandikwe kokoto na nailoni nzito, na jamvi limwagwe upya.

Sehemu kavu igongegonge kwa mpini wa nyundo. Palipo na mlio mtupu, niru imeachana na zege, ibandue. Palipo na mlio mzito pia usipange moja kwa moja, kwa sababu nta ya miaka yote hiyo haishikani na gundi. Ni lazima niru iparuzwe mpaka iwe na makwaruzo. Kisha acha milimita 3 kati ya kigae na kigae, na nafasi ya milimita 8 hivi kando ya ukuta, itakayofichwa na sketi, yaani ukanda wa vigae unaobandikwa chini ya ukuta. Vigae vinavyoinuka sebuleni mara nyingi vilikosa nafasi hiyo.

Muuguzi wa Muheza

Ninawahudumia wazee waliovunjika nyonga, na wengi wao huniambia neno moja: bafuni. Kwa hiyo naomba poseleni iliyong'arishwa isikanyage bafu la mama, hata kama ni nzuri kiasi gani.

Kwenye boksi au karatasi ya kiwandani tafuta alama ya R, inayoanzia R9 hadi R13; kadiri namba inavyopanda ndivyo kigae kinavyoshika zaidi. Alama hiyo hupimwa kwa mtu aliyevaa viatu. Kwa miguu mitupu iliyolowa kuna herufi A, B na C, na bafuni tafuta B au C. Kwa baraza ya mvua R11 inafaa. Vigae vidogo vya sentimita 10 kwa 10 husaidia pia, kwa kuwa mistari mingi ya grauti huupa unyayo mahali pa kushika, na hufuata mteremko wa kwenda kwenye tundu la maji bila kukatwakatwa. Mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita unatosha. Rangi ya sakafu itofautiane na ya ukuta, kwani macho ya mzee huchelewa kuona pale vinapokutana. Na mwambieni fundi mapema mahali pa kufunga vishikio vya chuma, kabla ukuta haujafunikwa.

Mkadiriaji

Hesabu ya sebule: mita 5 kwa 4 ni mita za mraba 20. Ongeza asilimia 10 ya ukataji na kuvunjika, unapata 22. Boksi la kawaida la 60 kwa 60 lina vigae 4, yaani mita za mraba 1.44, kwa hiyo unahitaji maboksi 16. Ukipanga kwa mshazari ongeza asilimia 15.

Vigae vya viwanda vya Mkuranga na Chalinze vinapatikana kwa urahisi, lakini popote vilikotoka, soma namba ya toleo na ya rangi kwenye kila boksi kabla halijapakiwa garini. Mimi niliongeza maboksi mawili baada ya wiki tatu, yenye jina na picha ile ile, na hadi leo kona ya chumba changu ina weupe tofauti. Hifadhi boksi moja zima kwa ajili ya marekebisho ya baadaye.

Mwana wa Tanga

Ninarudisha majibu. Nailoni ya sebuleni ilikuwa kavu. Ile ya ukuta wa nyuma ilijaa matone, kwa hiyo jiko na bafu vitavunjwa na kumwagwa jamvi jipya. Sebule na ukumbi nitaweka poseleni isiyong'arishwa kwa gundi, kuta za jiko na bafu seramiki nyeupe, na baraza poseleni ya R11.

Kwa bafu nilimletea mama vipande vitatu, nikavipanga uani na kuvimwagia maji. Alivua kandambili, akashika bega langu, akakanyaga kimoja kimoja polepole. Alisimama juu ya kile cha kijivu cha sentimita 10 chenye mkwaruzo, kisha akaniachia bega. Hicho ndicho nimekiagiza. Chumba chake cha kulala, ambacho niru yake haijapasuka, ameomba kibaki chekundu, na nimekubali.