Ukoo wa Bibi Kikwajuni

*Jumatano usiku, mwezi wa Januari*

Nassor: Asalaam alaykum. Shikamooni wakubwa nyote. Nani humu anajua hisabati za fom thrii? Kesho nna mtihani.

Ami Wete: Waalaykum salaam, marahaba. Miye najua karafuu na madishi tu.

Mama: Nani kachukua sufuria langu kubwa? Mbaazi za kesho nitapikia nini?

Nassor: Parabola, ule mchoro wa kama bakuli. Tumeambiwa y = (x − 3)² + 2 ni ile ile y = x² ila imehama. Hiyo +2 imeipandisha juu hatua mbili, sawa. Sasa −3 mbona inaipeleka kulia? Kutoa si kurudi kushoto?

Kaka Hamadi: Ndani ya mabano kila kitu kinyume. Kariri upite. Sote tulikariri.

Nassor: Nshakariri. Nikikaa kwenye mtihani nasahau kama ni kinyume au kinyume cha kinyume.

Dada Zuhura: Hamadi mwache mtoto. Nassor, y = x² ncha yake iko wapi, pale chini kabisa?

Nassor: Sifuri.

Dada Zuhura: Kwa sababu namba yoyote ukiipiga mraba haishuki chini ya sifuri. Kwa hiyo ncha ni pale kinachopigwa mraba kinapokuwa sifuri. Haya, (x − 3) inakuwa sifuri lini?

Nassor: x ikiwa 3. Na y inabaki 2. Ncha ni (3, 2).

Dada Zuhura: Mashaallah.

Nassor: Lakini hiyo ncha tu. Mchoro mzima unajuaje kama unatakiwa kwenda kulia?

Ami Wete: Ni kama dishi mwanangu. Dishi ni parabola hiyo hiyo, ndiyo maana mawimbi yote yanayoingia sawasawa yanadunda yakakutana kwenye kile kichwa cha mbele. Juzi nimelihamisha la jirani, kutoka paa la jiko hadi paa la ukumbi. Limekwenda kulia, limepanda juu, halikupinda hata kidogo. Kisha nikaliinamisha likakamata picha.

Dada Zuhura: Ami, hapo mwisho umetuharibia 😂 Kuinamisha hakumo. Mlinganyo huu unatazama juu wima au chini wima. Ukiulaza unataka mlinganyo mwengine kabisa.

Ami Wete: Usipoinamisha hupati picha.

Dada Zuhura: Kwenye daftari utapata.

Mama: Sufuria.

Khalti Muscat: Nassor, huku kwetu sasa hivi saa 4. Huko saa ngapi?

Nassor: Shikamoo Khalti. Saa 3.

Khalti Muscat: Marahaba. Miye nikitaka kujua huko saa ngapi nafanyaje?

Nassor: Unatoa 1.

Khalti Muscat: Na saa yangu iko mbele au nyuma?

Nassor: Mbele.

Khalti Muscat: Basi. Natoa moja kwa sababu nishatangulia moja. Miaka yote hii nawapigia simu, nikisahau kutoa nawakuta hamjala bado.

Nassor: Ngojeni kwanza.

Dada Zuhura: Khalti wewe ungekuwa mwalimu wallahi. Nassor, chukua daftari. Tuseme wateja wa mandazi wa Mama wanakwenda kwa mlinganyo huu: y = −5(x − 2)² + 20. Hiyo x ni saa zilizopita tangu saa 12 asubuhi. Nipe hesabu.

Nassor: x 0, wateja 0. x 1, wateja 15. x 2, 20. x 3, 15. x 4, hamna mtu.

Mama: Wateja 20 tu? Umeniona masikini.

Dada Zuhura: Ni mfano Mama. Sasa wateja hao hao, Khalti anawahesabu kwa saa ya ukutani kwake. Wale 20 atawaandika saa ngapi?

Nassor: Kwetu saa 2, kwake saa 3.

Dada Zuhura: Na wale 15 wa saa 1?

Nassor: Saa 2 yake. Kila mtu kasogea saa moja mbele. Mchoro mzima umekwenda kulia!!

Dada Zuhura: Na mlinganyo?

Nassor: Saa yake kwanza aitoe 1 ipatikane ya nyumbani, kisha ile 2 ya Mama. −5(x − 3)² + 20.

Nassor: Aaah. Kwa hiyo −1 si ya kuusukuma mchoro. Ni ya kuirudisha x nyumbani.

Khalti Muscat: Eee.

Kaka Hamadi: Mimi ndo kwanza nafahamu leo. Nna watoto watatu.

Ami Wete: Na skuli zikifunguliwa wateja wakazidi?

Dada Zuhura: Wakizidi 10 kila saa, ile 20 ya nje inakuwa 30. Ya nje haina mzunguko, inapandisha tu. Ila sasa hata x ikiwa 0 kuna watu 10.

Mama: Hao wapo kweli. Wanagonga dirisha moto sijawasha.

Kaka Hamadi: Na hiyo −5?

Dada Zuhura: Alama ya kutoa imeufunika mchoro kifudifudi, ndiyo maana ncha ipo juu. 5 yenyewe ni wembamba. Kubwa inakuwa kama bakuli refu, ndogo kama sinia. Kuhama haiigusi.

Nassor: Na wakinipa x² − 6x + 11?

Dada Zuhura: Nusu ya 6 ni 3, mraba wake 9. Kwenye 11 toa hiyo 9, zinabaki 2. Si ndiyo ile ile yako ya mwanzo?

Nassor: (x − 3)² + 2. Kumbe!

Bakari London: Natoka kazini nakuta jumbe sitini, nikadhani kuna msiba. Kumbe mandazi.

Dada Zuhura: Afadhali umekuja. Nassor, kwa Bakari sasa hivi ni nyuma ya kwetu saa 3. Mwandikie wateja wa Mama.

Nassor: Yeye anajumlisha 3. −5(x + 3)² + 20.

Dada Zuhura: Na ile −2 ya Mama umeitia wapi?

Nassor: Astaghfirullah. x + 3 − 2. Basi −5(x + 1)² + 20. Ncha iko −1, ndo saa 11 alfajiri ya London. Kajumlisha, mchoro umekwenda kushoto.

Bakari London: Saa 11 alfajiri huku giza na baridi, nyinyi mshajipanga foleni ya mandazi.

Dada Zuhura: La mwisho. Mwisho wa Machi London wanasogeza saa zao mbele saa moja, tunabaki mbali nao saa 2.

Nassor: x + 2 − 2

Nassor: Mabano yamekufa! y = −5x² + 20. Ncha imerudi sifuri.

Bakari London: Mimi?

Nassor: Wewe kaka. Wewe ndo unatazama bila kuhama.

Ami Wete: Dada, sufuria ninalo mimi. Nilibebea tende siku ile ya boti.

Mama: Liko WETE, Pemba?

Ami Wete: Litakuja na boti ya Jumamosi inshaallah.

Mama: Nassor zima taa ulale, umeme wa Tukuza zimebaki yuniti nne.