Kila mwenye simu sasa ni mtunzi? Mimi nakataa

Mzee Kandili: Wakuu, mimi ni mhafidhina na sioni haya kusema. Nataka dini iheshimiwe, familia ikae mezani pamoja, serikali iniachie mfuko wangu, na kitabu kipite kwa mhariri. Enzi za Tanzania Publishing House (TPH), wachapishaji wa vitabu, mswada ulikuwa unasomwa, unachorwa mistari myekundu, unarudishwa, wewe mtunzi unalia siku mbili kisha unaanza upya. Leo kijana anatoa nakala 50 steshenari, anapiga picha na suti ya kuazima, basi, mtunzi. Siku hizi hata hiyo kazi hafanyi, anaiagiza programu imwandikie sura kumi huku anasubiri chipsi mayai, vyote vinaiva pamoja. Ndiyo maana zile kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, zilizomtaka mwenye blogu akate leseni, mimi hazikuniuma. Atakaye cha mvunguni sharti ainame. Na wengi wa hawa wanatuuzia siri za utajiri ilhali wenyewe wamepanga chumba kimoja Mbagala, huko pembezoni mwa Dar. Karibuni, bila matusi.

Kipanga84: Shikamoo mzee. Unataka serikali ikuachie mfuko wako, halafu laki moja ya maombi, milioni ya leseni na milioni ya ada ya mwaka hazikukuuma? Kwa sababu si wewe uliyelipa. Na asiye na leseni, faini ilikuwa kuanzia milioni 5 au jela kuanzia miezi 12, au vyote. Mpishi wa ndizi anayeweka mapishi yake mtandaoni alipie kama mwenye redio?

Binti Rangi Tatu: Mbagala imeingiaje hapa?

Mzee Kandili: Marahaba Kipanga. Ada ni chujio. Binti, huo ni mfano tu.

Binti Rangi Tatu: Mfano kwa nini usiwe Masaki kwa matajiri? Mimi nimepanga chumba kimoja, Mbagala hiyohiyo, nimejichapishia kitabu cha kufuga kuku wa kienyeji. Pesa naletewa kwa simu, kitabu napakia kwenye basi, mtu wa Singida anakipata kesho yake. Hakuna aliyerudisha. Mhariri wangu ni kuku, nikikosea wanakufa.

Chapakazi: Hahaha, "mhariri wangu ni kuku". Mzee chukua hiyo.

Mwalimu Dodo: Nirudi kwenye TPH. Ilianzishwa 1966 na mwenye hisa nyingi alikuwa NDC, Shirika la Maendeleo la Taifa, yaani shirika la umma. Ndiyo iliyomchapa Walter Rodney, yule mwanahistoria aliyeandika jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mzee, wewe ni mhafidhina wa kwanza niliyemwona analilia shirika la enzi za Ujamaa.

Mzee Kandili: Sikulilia siasa yake, nimelilia kalamu nyekundu. Msinibambikie.

Chapakazi: Hizo kanuni si zilifutwa na mahakama? Ilikuwa Lindi sijui.

Kipanga84: Mtwara. Na hazikufutwa. Mahakama Kuu ilizisimamisha kwa muda mwanzoni mwa Mei 2018, mwezi haujaisha zuio likaondolewa, Juni watu wakaanza kuzima kurasa zao. 2020 zikaja kanuni nyingine. Chujio la mzee lilichuja wasio na hela, wapuuzi wenye hela walipita.

Somoe wa Pangani: Mie nina swali la pembeni. Wachapishaji wetu wamezoea vitabu vya shule. Peleka diwani ya mashairi uone, utajibiwa "soko hakuna" kama utajibiwa. Nikasema nijichapie kidijitali. Nikaenda kwenye duka moja kubwa la Marekani, nikafungua orodha ya lugha: Kiafrikana kipo, Kiswahili hakipo. Nilikaa naitazama ile orodha mpaka chai ikapoa. Sasa mzee, mimi niliyekataliwa huku na huko nipite wapi? Mhariri namtaka, tena namlipa, ila mlango uko wapi?

Mkazi wa Zakhem: Nimesoma juu kabisa nikarudi. Hivi nyie mkitaka kusema umaskini lazima mseme Mbagala? Mimi nina nyumba hapa Mbagala, ina tarazo, nimejenga kwa jasho.

Chapakazi: Tarazo zama hizi, mkuu? Watu wako kwenye vigae.

Mkazi wa Zakhem: Wewe umepanga wapi?

Chapakazi: Chamazi, na sina shida.

Binti Rangi Tatu: Chamazi ni Mbagala, karibu nyumbani.

Chapakazi: Chamazi SIYO Mbagala. Ni kata inayojitegemea.

Mzee Kandili: Naona povu. Naondoa neno Mbagala, wekeni popote. Hoja yangu ni kwamba anayejiandikia, anayejisifu na anayejiuzia akiwa mtu mmoja, nani atamwambia amekosea? Hilo la programu za kuandika hakuna aliyeligusa.

Mwalimu Dodo: Wasomaji watamwambia. Wewe mwenyewe umeandika mstari mmoja tu, umepata wahariri watano kabla ya adhuhuri.

Somoe wa Pangani: Mimi bado nimesimama mlangoni.

Mkazi wa Zakhem: Kata au si kata, mnapanda daladala gani kurudi kwenu? Imeandikwaje ubavuni?

Chapakazi: Imeandikwa Chamazi!

Binti Rangi Tatu: Na inapitia wapi?