Uwanja wa shule umekuwa fremu za maduka, kipindi cha michezo watoto wananakili hesabu. Wazazi tumenyamaza mpaka lini?

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Ila ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu.

Jumatano asubuhi binti yangu wa darasa la nne alisahau daftari, nikampelekea shuleni. Ni shule ya msingi ya serikali hapa Temeke, jina naliacha kwa sababu mtoto bado anasoma pale. Ratiba iliyobandikwa mlangoni inasema kipindi hicho ni Sanaa na Michezo. Nikachungulia dirishani: watoto zaidi ya themanini, wanne wanne kwenye dawati, wananakili maswali ya Hisabati ubaoni. Nikamuuliza mwalimu kwa adabu mbona hawajatoka nje. Akanijibu, "Mzazi, nje wapi?"

Na kweli, nje wapi? Upande wote wa barabarani zimejengwa fremu, nimezihesabu kumi na moja. Saluni, vipodozi, wakala wa pesa, duka la simu. Kipande kilichobaki wanaegesha bajaji, na nguzo ya goli imefungiwa kamba ya turubai la fundi cherehani. Tunaambiwa kodi ya fremu inaisaidia shule. Nimehudhuria kila kikao cha wazazi tangu mtoto aanze la kwanza na sijasomewa hesabu ya hiyo kodi hata mara moja.

Kikao kilichopita mzazi mmoja aliuliza habari ya michezo. Mwalimu mkuu akasema shule iko vizuri, kila mwaka inatoa wachezaji wa UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi. Jamani! Hao ni watoto wachache wenye vipaji, wanachaguliwa wiki chache kabla ya mashindano na kupelekwa kufanya mazoezi uwanja wa mtaa wa pili. Mwanangu hana kipaji cha mpira wala riadha. Ndiyo asikimbie kabisa? Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 ashughulishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Wa kwangu hapati hata kumi akiwa shuleni. Sisi tuliosoma zamani tulipigiwa filimbi ya mchakamchaka kabla ya namba, ukichelewa unaikuta shule nzima iko barabarani inaimba. Haikuhitaji bajeti wala mfadhili.

Saa nne ikagongwa kengele ya mapumziko, nikaamua kubaki nione. Getini kuna mama anakaanga mihogo na sambusa, mafuta meusi kama oili iliyomwagwa gereji, na hayabadilishwi, yanaongezwa tu. Pembeni ndoo ya juisi ya unga, barafu za rangi, krips, pipi. Mwanangu nilimpa mia tano. Alinunua barafu nyekundu na krips, midomo na ulimi vikawa rangi moja na ile barafu. Hicho ndicho chakula chake mpaka saa nane na nusu. Tunda hakuna hata moja, na soko la Stereo liko hapahapa Temeke, malori yanashusha machungwa na mananasi kila siku!

Simlaumu yule mama, anatafuta riziki ya wanawe. Aliniambia analipa elfu moja kila siku ili akae pale getini. Basi shule inayopokea hiyo elfu moja inashindwa nini kumwambia abadilishe mafuta, alete na ndizi na mahindi ya kuchemsha?

Na sisi wazazi nasi tuna letu. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 wengi tukaamini na chakula kimo humo. Hakimo, kinategemea michango yetu. Mwaka jana tulikubaliana kuchanga mia tatu kwa siku kwa ajili ya uji, baada ya miezi miwili wengi wakaacha kulipa, sufuria likarudishwa stoo. Nilikuwa nalipa, lakini sikumfuata jirani yangu hata mmoja kumuuliza kwa nini ameacha. Hilo linaniuma.

Jioni ile nilimwambia binti yangu tukimbie kutoka dukani hadi nguzo ya umeme, kama mita mia hivi. Mtoto wa miaka tisa! Alisimama nusu ya njia, ameshika kiuno, anahema kama mzee. Usiku sikulala.

Kikao kingine ni Jumamosi ijayo. Nitadai mambo matatu: mapato na matumizi ya fremu yasomwe mbele ya wazazi, kipindi cha michezo kisiguswe, na uji urudi. Walio kwenye kamati za shule naomba mnielekeze: nikizungushwa, nianzie kwa afisa elimu kata au niende moja kwa moja manispaa? Na kama kuna shule hapa Dar ilifanikiwa kurudisha uwanja wake kutoka kwa wapangaji wa fremu, mlipitia njia gani? Nataka niingie kwenye hicho kikao nikiwa na la kusema.