Ukoo wa Ngamiani: safari ya Jumamosi

*Jumatano, 24 Januari 2024*

20:11 Zaina GR: Assalaam alaykum ukoo. Mmeona? Jim Harbaugh, kocha wa mpira wa Kimarekani wa Chuo cha Michigan, ameondoka. Anakwenda Chargers, timu ya kulipwa ya Los Angeles. Imetangazwa jioni hii

20:11 Zaina GR: SAFARI YA JUMAMOSI YA KUMPELEKA RAMA CHUONI IKO PALE PALE. Asije mtu akaniletea sababu

20:13 Zaina GR: Waliolipa ni mimi, Mama Rama na Khadija. Watu 11 wamesema wanakwenda Ann Arbor, waliotoa hela watatu. Dola 40 kila mtu, magari mawili

20:34 Zaina GR: Mnasoma, nawaona. Alama za bluu nazijua

20:41 Salehe Columbus: 😂😂😂

20:41 Salehe Columbus: Kombe halijapata hata vumbi, kocha keshapanda ndege. Na kuku anawaachia nani? Si alisema mwenyewe mwaka jana anafuga kuku

20:42 Zaina GR: Wewe wa Ohio State nyamaza. Miaka mitatu mfululizo mnapigwa na Michigan

20:43 Salehe Columbus: Msimu huu tulipigwa na msaidizi. Harbaugh alikuwa amefungiwa mechi

20:43 Zaina GR: Ndiyo aibu yenyewe!! 30 kwa 24, na mkuu hata uwanjani hayupo

20:50 Mama Rama: Wifi, mimi nina swali. Ile ofa ya Rama ya kuchezea timu ni ya kocha au ya chuo?

20:51 Zaina GR: Ya chuo

20:51 Salehe Columbus: Ya kocha

20:52 Mama Rama: 🤦🏾‍♀️

21:20 Khadija Ann Arbor: Shikamooni wote. Mkaza mjomba, ofa ni ya mdomo tu. Haimfungi chuo wala Rama mpaka asaini, na wa darasa lake wanasaini Desemba. Kocha mpya akija na orodha yake anaweza kumbakiza, anaweza kumwacha. Hata waliomo ndani ya timu sasa wana siku 30 za kuhama wakitaka, ndiyo sheria kocha mkuu akiondoka

21:21 Zaina GR: Khadija usimtie mwenzio hofu

21:23 Khadija Ann Arbor: Mama, si hofu, ndivyo ilivyo. Na hapa mjini hakuna aliyeshtuka sana. 2022 alikwenda Minnesota kufanya usaili wa timu ya kulipwa siku ileile vijana wanasaini. 2023 akaongea na Denver. Safari hii timu yake imeshinda mechi 15 kati ya 15, imewapiga Washington 34 kwa 13 kule Houston, ubingwa ambao chuo hakijauona tangu 1997. Ataongeza nini tena hapa?

21:25 Salehe Columbus: Na uchunguzi wa NCAA, wale wasimamizi wa michezo ya vyuo, unamsubiri. Sema yote mjomba

21:26 Khadija Ann Arbor: Na hilo lipo. Msimu mmoja kafungiwa mara mbili, mechi tatu mwanzoni na tatu mwishoni. Lakini mjomba, huyu anatafuta pete ya ubingwa wa ligi ya kulipwa. 2013 alifika Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, na timu ya 49ers akafungwa na kaka yake wa tumbo moja, John. Kaka anayo, yeye hana

21:27 Salehe Columbus: Hapo namwelewa. Mimi na Hamisi tungegombea pete hiyo, Baba angetukata miguu wote wawili

21:40 Zaina GR: Turudi kwenye hela. Salehe unakuja na gari lako kutoka Columbus au nisikuhesabu?

*Alhamisi, 25 Januari*

06:58 Zaina GR: Asubuhi njema. Salehe??

07:02 Zaina GR: Kuondoka ni saa 12 asubuhi. Sambusa mimi, chai Mama Rama. Kila mtu na koti lake, sitaki kusikia habari ya baridi njiani

07:45 Salehe Columbus: Saa 12 ya Tanga au ya Marekani?

07:46 Zaina GR: Ya Tanga!

07:47 Salehe Columbus: Kwa hiyo saa 6 ya huku. Wengine watakuja mchana, mimi nakuambia

07:49 Salehe Columbus: Na dola 40 silipi mpaka nisikie hesabu ya Chicago

07:50 Zaina GR: Chicago imetokea wapi?

07:50 Salehe Columbus: Imetoka mfukoni kwangu

07:58 Zaina GR: Haya. Wewe ndiye wa kudai hesabu. Wiki ya fainali uliwaacha watoto wa watu Ngamiani ukapanda basi kwenda Dar, timu kubwa imekuita. Na zile tracksuit alizonunua Baba ukaondoka nazo. Hamisi alisimama golini bila kocha akala nne. Mimi nimesema kitu miaka yote hii?

07:59 Salehe Columbus: Umesema kila Idi

08:00 Salehe Columbus: Na tracksuit ilikuwa MOJA

08:03 Mama Rama: Jamani, tulikuwa tunazungumza habari ya mtoto

08:15 Omari Dearborn: *Ujumbe huu umefutwa*

10:20 Mwana Tanga: Babu kasomewa yote. Ananiambia niandike, nisipunguze neno.

10:26 Mwana Tanga: "Salehe. Mimi sikukukasirikia kwenda Dar. Mtu akiitwa kwenye riziki yake huenda. Nilikukasirikia kwa sababu wale vijana walisikia habari yako sokoni, kwa muuza samaki, na wewe ulikula chakula cha usiku hapa nyumbani hukusema. Huyo kocha wa Marekani simjui. Vijana wake wakisikia kwake, kaondoka vizuri. Wakisikia kwa watu, hata kombe lile limeingia doa. La pili. Zaina, huyo mtoto haendi harusini. Watu 11 wa nini? Baba yake yuko hai. Aende na baba yake, akae mbele ya hao makocha, aulize. Nimemaliza."

10:40 Zaina GR: Shikamoo Baba. Tumesikia

13:12 Salehe Columbus: Shikamoo Baba. Nimesikia.

13:30 Zaina GR: Lakini Baba, magari yameshalipiwa na hela hairudi 🙏🏾

13:31 Zaina GR: Nasema tu

22:05 Hamisi: Niko Nebraska. Theluji. Nimeyaona yote leo

22:06 Hamisi: Zilikuwa tano, si nne

*Ijumaa, 26 Januari*

17:48 Khadija Ann Arbor: Ametangazwa! Sherrone Moore. Yule aliyelia mbele ya kamera baada ya kuwapiga Penn State. Ndiye alishika timu mechi zile tatu za mwisho Harbaugh amefungiwa, na Ohio State ikiwemo

17:49 Zaina GR: ALHAMDULILLAH. Si nilisema? Mtu wa ndani! Ofa iko salama

17:52 Khadija Ann Arbor: Na ni kocha mkuu wa kwanza mweusi katika historia ya timu hiyo. Hapa watu simu hazinyamazi

17:53 Salehe Columbus: Hongera zake kwa kweli. Novemba tutaongea naye lugha nyingine

17:55 Mama Rama: Na yule msaidizi aliyekuja shuleni kwa Rama? Anabaki au anakwenda Los Angeles?

17:58 Khadija Ann Arbor: Hilo bado mkaza mjomba. Harbaugh hataondoka peke yake, atachukua wasaidizi. Moore ni mtu wa mashambulizi, Rama ni wa ulinzi. Kwa Rama yule msaidizi ana uzito kuliko mkuu, ndiye anayemjua

18:20 Rama: Shikamooni. Nimemtumia meseji tangu juzi. Hajajibu

18:21 Zaina GR: Ana shughuli mwanangu, usijali

18:22 Rama: Sawa shangazi

18:30 Salehe Columbus: Rama, sikiliza baba mdogo. Kesho usimuulize mtu kama ofa ipo, watakwambia ipo. Uliza nani atakufundisha wewe. Wakitaja jina, sawa. Wakikwambia tuko katika mchakato, rudi nyumbani, na barua za vyuo vingine usizitupe

18:31 Salehe Columbus: Hata hii ya Ohio State kama ikija 😂

18:32 Zaina GR: Ulianza vizuri

18:33 Rama: 😂 sawa ba mdogo

19:10 Mama Rama: Hamisi kafika Iowa. Anasema barabara ikifunguka usiku huu atatokea alfajiri, asipotokea niende mimi na Rama

19:12 Zaina GR: Kuendesha kwa muda wa saa mbili kwenye theluji peke yako? Haiwezekani. Mimi nakuja, Baba atanisamehe

19:13 Mama Rama: Wifi, mzee kasema

19:14 Zaina GR: Kasema watu 11. Hakusema watatu

19:15 Mwana Tanga: Shangazi, Babu amelala, siwezi kumuuliza

19:20 Salehe Columbus: Mimi siji. Ila dola 40 nimetuma, ziende kwa mafuta ya Hamisi. Za Chicago bado nadai

19:24 Zaina GR: Nimeziona. Basi nijibuni, ni gari moja au mawili? Nimpigie mwenye magari kabla hajafunga

19:26 Zaina GR: Jamani

19:41 Omari Dearborn: 👍🏾

19:41 Zaina GR: Omari, hiyo ni ya moja au ya mawili?