Naomba ushauri: doa jeusi kisiginoni kwa mama

Wakuu, habari zenu. Nipo Moshi. Mama ana doa jeusi chini ya kisigino, miezi minane sasa. Lilianza kama punje ya mtama, tukadhani mwiba, maana mgombani anaingia peku. Sasa limezidi upana wa kifutio cha penseli, kingo haziko sawa, nyeusi imechanganyika na kahawia, na juzi nimekuta damu kwenye soksi. Haliumi, ndiyo maana anagoma hospitali.

Nimesoma melanoma (aina ya saratani ya ngozi) kwetu weusi hupenda nyayo na chini ya kucha. Bob Marley ilimwanzia kidole cha mguu, akafariki 1981.

Nataka nimpeleke kliniki ya ngozi hospitali ya KCMC. Aliyewahi kukatwa kinyama cha kipimo unyayoni, alikaa siku ngapi bila kukanyaga? Na bi mkubwa nimwambieje akubali bila kumtisha?