Mrejesho: yule mtoto wa tetralojia ya Fallot amezaliwa

Wapendwa, ni mimi niliyeuliza mimba ikiwa ya wiki 22: ultrasaundi imeonyesha moyo wa mtoto una tetralojia ya Fallot (kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo, inayoweza kumfanya mtoto awe wa bluu kwa kupungukiwa oksijeni), je, kujua mapema kunasaidia au ni kujiongezea presha tu?

Amezaliwa, wa kike. Presha ilikuwepo, nisiwadanganye. Baba yake hata nguo za mtoto aligoma kununua. Lakini tulihamia Dar kwa wifi mapema, nikajifungulia Muhimbili, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikiwa palepale. Hakutoka wa bluu. Tundu kati ya vyumba vya chini vya moyo lipo, na njia ya damu kwenda mapafuni ni nyembamba, ila haijabana sana. Upasuaji unasubiri akue miezi kadhaa.

Kilichonifaa zaidi ni kufundishwa kabla hajazaliwa: akilia ghafla midomo ikawa ya bluu, nimkunje magoti yaguse kifua, nimtulize, kisha hospitali. Imeshatokea, usiku. Mama mkwe anatafuta maji ya baraka, mimi namkunja (yote yalifanyika, asije akanuna). Rangi ilirudi bajaji haijafika, na tulikwenda vilevile.

Mlioulizia gharama, suala la bima bado tunalifuatilia.